Kifaa Chako Kinalia, Sasa Kipe Uso

Kinalia! Umechoma risasi, umeunganisha nyaya, umewasha, na sauti imetoka kwenye spika. Kama wewe ni kijana wa Songea uliyefikia hapo, iwe kwenye chumba cha kupanga Lizaboni au kwenye kibanda cha fundi redio Mfaranyaki, simama kidogo ujipongeze. Kutengeneza sinthesaiza kwa mkono, yaani chombo kinachozaa sauti kwa umeme bila uzi, bila ngozi na bila pumzi, ni kazi inayotaka hesabu, subira na sikio. Wewe umeiweza.

Sasa kitazame hicho kifaa kwa macho ya mtu mwingine. Anaona boksi la biskuti. Anaona matundu yaliyotobolewa kwa msumari wa moto, vulyumu sita zisizo na majina, swichi moja iliyopinda na taa nyekundu ambayo haijulikani inamwambia nini. Ananyoosha mkono, anasita, kisha anauliza: hii ni ya nini? Unamjibu. Anashika ya pili, anauliza tena. Kufika ya tatu ameshachoka, anakusifu kwa adabu, anaaga. Ameondoka mpiga kinanda ambaye angeweza kuwa mteja wako wa kwanza.

Nitasema bila kuzunguka: kifaa kisicho na uso hakijaisha. Maandishi, mistari, rangi na mng'ao wa paneli ya mbele ni sehemu ya kazi, sawasawa na saketi iliyo nyuma yake. Anayekuambia kwamba kinachotakiwa ni sauti tu, hayo mengine ni urembo, hajawahi kushika chombo asichokifahamu mbele ya watu, usiku, taa zikiwa hafifu na bendi ikimsubiri.

Mwaka 1970 kampuni ya Robert Moog huko Marekani ilitoa sinthesaiza ndogo iliyoitwa Minimoog. Kabla yake mashine za kampuni hiyo zilikuwa makabati makubwa ya kuunganishwa kwa nyaya nyingi, na kila mpigaji alilazimika kujua njia ya sauti kichwani. Kwenye Minimoog njia hiyo ilichorwa usoni. Ukiisoma paneli kutoka kushoto kwenda kulia unaifuata sauti yenyewe: kwanza inazaliwa, kisha inachanganywa, halafu inachujwa na kupewa umbo, mwisho inatoka. Mtu asiyejua umeme hata kidogo angeweza kukaa mbele yake na baada ya muda akapiga. Kwa maoni yangu uso ule ulifanya kazi kubwa sawa na saketi zake katika kuufanya muziki wa sinthesaiza uende jukwaani. Vyombo vingi vilivyokuja baadaye, hadi programu za kwenye kompyuta, vimefuata mpangilio huohuo.

Najua utakachoniambia. Utasema hapa ni Songea. Utasema paneli nzuri huchongwa kwa mashine za kompyuta huko ng'ambo, huagizwa kwa dola, zikafika na ushuru juu yake. Utasema hata Dar es Salaam si karibu. Yote hayo ni kweli, wala hayakuzuii.

Tazama Kampala. Brian Bamanya, anayejulikana kwa jina la kisanii Afrorack, alitaka sinthesaiza ya vipande vipande, ile unayoipanga mwenyewe kipande baada ya kipande. Bei za vipande vya kuagiza zilikuwa nje ya uwezo wake. Akatafuta michoro kwenye intaneti, akajifunza, akajenga vyake. Mwaka 2022 lebo ya Hakuna Kulala ya hukohuko Kampala ikatoa albamu yake, na leo anapiga majukwaa ya Ulaya kwa mashine alizozijenga Uganda. Tazama pia Kinshasa, ambako Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono No. 1 waliziwekea ala zao za likembe vinasa sauti walivyovitengeneza wenyewe kwa sumaku za magari mabovu, wakapitisha sauti kwenye vipaza sauti vya kuungaunga. Albamu yao ya Congotronics iliyotoka katikati ya muongo wa 2000 ilizunguka dunia. Hawa hawakusubiri duka la vyombo vya muziki lifunguliwe mtaani kwao.

Na hata hatuhitaji kwenda mbali. Mwambao wa Ziwa Nyasa, huko Mbamba Bay na vijiji vyake, wazee wetu walipoona bendi za tarumbeta za wakoloni walichukua vibuyu, wakaviwekea utando mwembamba unaotikisika kwa sauti ya mtu, wakapata mlio wa tarumbeta zao wenyewe kwa ajili ya ngoma ya mganda. Peramiho, mwendo mfupi tu kutoka mjini kwetu, tangu Wabenediktini walipofungua misheni mwaka 1898 yamejengeka mapokeo ya karakana: useremala, uhunzi, uchapaji wa vitabu. Mkoa wetu una mikono. Na tangu mwaka 2018, laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipotuunganisha na gridi ya taifa, hatutegemei tena jenereta za dizeli peke yake kama zamani. Fundi wa leo ana umeme ambao kaka zake waliulilia.

Basi tuingie kazini.

Anza na karatasi, wala usiguse drili. Chukua karatasi ya grafu yenye milimita, ile ya wanafunzi wa sekondari, uchore paneli yako kwa ukubwa wake halisi. Weka vulyumu zako juu ya mchoro kwa mkono na ujaribu kuzishika zote. Vidole vinataka nafasi: acha milimita 20 hadi 25 kati ya kitovu cha vulyumu moja na kitovu cha nyingine, la sivyo ukigeuza hii utaigusa na ile. Jina la vulyumu liandike juu yake, kwa sababu mkono wa mpigaji huja kutoka chini na utafunika kilicho chini. Herufi zisipungue urefu wa milimita mbili na nusu. Matundu ya sauti inayoingia yaweke pamoja, ya sauti inayotoka yazungushie kisanduku cheusi chenye maandishi meupe, ili mtu ayatofautishe hata gizani. Ukijenga kwa kipimo ambacho kampuni ya Doepfer ya Ujerumani ilikieneza miaka ya 1990, urefu wa paneli ni milimita 128.5 na upana hupimwa kwa hatua za milimita 5.08. Kipimo hicho kitakuruhusu siku moja kuchanganya kipande chako na cha mtu wa Kampala au Berlin. Kama hujali hilo, chagua kipimo chako ukishikilie.

Ukiwa na kompyuta, au rafiki mwenye kompyuta, programu ya Inkscape ni ya bure na inatosha kabisa. Chora humo, kisha peleka steshenari. Na hapa sikiliza vizuri: mwambie anayechapa asiruhusu printa kupunguza ukubwa. Weka pembeni mwa mchoro mstari wa milimita 100, na karatasi ikitoka tu, upime kwa rula papo hapo kabla hujalipa. Ukiwa na milimita 97, matundu yako yote yatakosea, na alumini haifutiki.

Alumini yenyewe unaipata wapi? Mafundi wa madirisha na milango ya alumini wana vipande vinavyobaki kila siku. Nenda kwa heshima, eleza unachotengeneza, na mara nyingi utauziwa kwa bei ya chakavu. Unene wa milimita moja na nusu hadi mbili unatosha. Kwenye mitambo ya uchapaji huwa kuna bamba za alumini zilizokwisha kutumika, nyembamba kiasi cha kukatwa kwa mkasi. Hizo hazibebi vulyumu peke yake, lakini zikigandishwa juu ya plaiwudi zinakuwa uso safi sana.

Gandisha nakala ya mchoro juu ya bamba kwa gundi ya karatasi. Kila kitovu cha tundu kipige kwa senta panchi, ili ncha ya drili isitembee. Toboa kwanza kwa ncha ya milimita 3, kisha panda taratibu. Vulyumu nyingi hutaka tundu la milimita 7, jeki ndogo za milimita 3.5 hutaka 6, jeki kubwa za gitaa hutaka karibu 10, taa ya kawaida hutaka 5. Lakini vifaa vya sokoni vinatofautiana, kwa hiyo pima chako kwa venia kalipa kabla ya kutoboa. Alumini hupenda kung'ang'ania ncha ya drili. Tone la mafuta ya taa linaifanya ikatike laini. Kingo za matundu zisafishe kwa kuzungusha kwa mkono ncha kubwa zaidi ya drili, na makosa madogo yarekebishe kwa tupa ya mviringo.

Kisha msasa. Anza na namba 240, malizia na 400, na wakati wote vuta kwa mwelekeo mmoja tu, kutoka kushoto kwenda kulia, ukibana rula kama reli ya mkono wako. Utaona alumini ya dirisha inageuka na kupata mistari myembamba inayong'aa, kama ile ya redio kubwa za zamani. Osha kwa sabuni, futa kwa spiriti, na kuanzia hapo usiishike kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi ndiyo adui wa rangi na gundi.

Sasa maandishi. Njia rahisi kuliko zote iko steshenari yoyote ya mjini: chapa mchoro wako kwenye karatasi nzito, ufanyiwe laminesheni kama cheti cha shule, kata matundu kwa wembe mpya, gandisha kwa gundi ya pande mbili. Nati za vulyumu na jeki zenyewe zitaibana. Gharama yake haizidi sahani ya wali na maharage, na ukikosea unachapa nyingine. Kwa kifaa cha kwanza siwezi kukushauri kitu kingine. Fanya hivi, ujifunze mpangilio wako una kasoro gani, kabla hujaingia kwenye njia za kudumu. Wapo wanaoidharau kwa kuwa ni karatasi. Waache. Paneli ya karatasi iliyopangwa kwa akili inaishinda paneli ya chuma iliyopangwa ovyo.

Ukishapiga hatua hiyo, nenda kwa watengeneza stika. Wale wanaoandika majina kwenye bajaji na bodaboda, wenye mashine ya kukata plastiki yenye gundi, wanaweza kukukatia maneno yote ya paneli yako kwa kipande kidogo kinachobaki kwenye kazi nyingine. Plastiki ile imetengenezwa kuvumilia jua, mvua na vumbi la barabarani. Ndani ya chumba chako itadumu miaka. Tatizo lake ni herufi ndogo: chini ya milimita nne zinavutika na kupotea wakati wa kukata. Kwa hiyo tumia stika kwa majina makubwa na mistari, na madogo yaandike kwa njia nyingine.

Njia nyingine hiyo ni pasi. Mafundi wengi wa elektroniki wanaijua kwa kutengeneza bodi za saketi. Chapa mchoro wako kinyume, kama unavyoonekana kwenye kioo, kwa printa ya leza au mashine ya fotokopi. Ya wino wa maji haifai hata ukiibembeleza, kwa sababu siri yote iko kwenye tona: ni unga wa plastiki unaoyeyuka kwa joto. Tumia karatasi laini ya jarida linalong'aa. Ilaze kifudifudi juu ya alumini uliyoisafisha, weka pasi ya moto mkali isiyo na mvuke, kandamiza kwa dakika tatu hadi tano ukipita pembe zote. Kumbuka bamba lote litakuwa la moto, kwa hiyo lilaze juu ya mbao. Likipoa, loweka kwenye maji mpaka karatasi ilainike, uisugue kwa kidole gumba itoke. Plastiki nyeusi imebaki kwenye chuma, herufi kali hata za milimita mbili.

Kwenye mbao hutumii pasi, unatumia tina au asitoni ya kuondolea rangi ya kucha. Karatasi kifudifudi, kitambaa kilicholowa kidogo, sugua, funua. Maandishi yamehamia kwenye mbao.

Mbao, ndugu zangu! Tunaishi katika mkoa wenye mninga na mpingo, halafu tunafungia vyombo vyetu kwenye ndoo za rangi. Mpingo wa kusini mwa nchi yetu husafiri hadi Ulaya kuwa klarineti na obo zinazopigwa kwenye kumbi kubwa. Vipande vinavyobaki kwa wachonga vinyago na maseremala ni vidogo kwa kazi nyingine, lakini vinatosha vifundo vya vulyumu vizuri kuliko chochote utakachoagiza. Toboa tundu la milimita 6 kwa ajili ya mhimili, chora mstari mweupe wa kuonyesha mwelekeo, paka mafuta kidogo. Mtu akikishika atajua ameshika kitu cha kwao. Kwa paneli nzima, mninga mwembamba au plaiwudi nzuri inapendeza sana, na herufi unaweza kuzichoma kwa chuma kilekile cha kuchomea risasi. Angalia mambo mawili tu. Shingo ya vulyumu ni fupi, kwa hiyo mbao ikizidi milimita tatu itabidi uichimbe kwa nyuma. Na mbao haizuii mvumo wa umeme wa nyumba, kwa hiyo bandika karatasi ya alumini nyuma yake na uiunganishe na waya wa ardhi wa saketi.

Nimeiacha kwa makusudi njia ninayoipenda kuliko zote, ambayo mkoa wetu umeibeba mikononi bila kujua. Ni mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba ambayo wakulima wamekuwa wakiichanganya kupambana na ukungu wa mimea, na ambayo huuzwa kwenye maduka ya pembejeo. Wachapaji wa sanaa duniani wanaitumia kuchimba picha kwenye bamba za zinki na alumini. Hakikisha ulichonunua ni mrututu wenyewe, kwa sababu dawa nyingine za shaba za kahawa hazifanyi kazi hii.

Chapa mchoro wako safari hii ukiwa umegeuzwa rangi: maandishi meupe, kila kitu kingine cheusi, na uwe kinyume kama kwenye kioo. Uhamishe kwa pasi. Weusi mkubwa hutoka na vitundu vidogo. Vizibe kwa rangi ya kucha. Nyuma ya bamba na kingoni bandika selotepu pana. Kwenye beseni la plastiki ambalo halitarudi jikoni kamwe, yeyusha gramu 50 za mrututu na gramu 50 za chumvi ya mezani kwa lita moja ya maji. Alumini imejifunika ngozi nyembamba ya oksaidi inayoikinga, na mrututu peke yake ungeshindwa kuipita. Chumvi ndiyo inayoifungua. Ukizamisha bamba, shaba inaacha maji na kujijenga juu ya herufi kama matope mekundu, na alumini inayeyuka kuchukua nafasi yake. Ondoa matope hayo taratibu kwa unyoya wa kuku kila dakika chache, ili maji mapya yafike. Baada ya dakika kumi hadi ishirini utahisi herufi kwa ukucha.

Vaa glavu na miwani. Fanyia nje, mbali na moto, maana vipovu vinavyopanda ni haidrojeni. Maji yakianza kupata joto kali, toa bamba na uongeze maji baridi. Na maji yaliyokwisha kazi usiyamwage mtoni, kisimani wala bustanini: shaba huua samaki na huharibu udongo. Yatie magadi hadi yaache kutoa povu, shaba itashuka chini kama tope la kijani, ulikusanye na kulihifadhi mbali na watoto na mifugo. Mtu anayeipenda Ruvuma hataifanya kazi hii bila kulitimiza hilo.

Osha bamba, futa tona kwa tina, paka rangi nyeusi ya mafuta uso mzima. Ikikauka vya kutosha, sugua kwa msasa wa 400 uliozungushwa kwenye kipande cha mbao bapa. Rangi inatoka juu na kubaki ndani ya herufi. Hapo unayo paneli ambayo mikono elfu haitaifuta, na iliyokugharimu pesa kidogo ya pembejeo na jioni moja ya utulivu.

Ukiwa na haraka au hupendi kemikali, wahunzi na mafundi wa vyuma wana panchi za herufi za kugonga kwa nyundo. Zinadumu maisha. Gonga kabla ya kutoboa, juu ya chuma kizito, herufi moja moja bila pupa.

Kwa rangi ya uso mzima waone mafundi rangi wa magari. Wana kompresa, wana praima inayoshika alumini, na wana rangi zilizobaki kwenye makopo ambazo hazitoshi hata mlango wa gari. Paneli yako inahitaji kijiko chake tu. Bila praima hiyo rangi itabanduka kama ngozi ya jua, hivyo usiruhusu waikwepe. Rangi ipigwe mara nyingi na nyembamba. Mara moja nzito huchuruzika. Chagua majira pia: kati ya Desemba na Aprili hewa yetu imejaa maji na rangi hufubaa, na Agosti na Septemba vumbi litakutembelea kabla rangi haijakauka. Fanya asubuhi tulivu, ukishamwagia maji sakafu.

Mwisho wa yote ni vanishi isiyo na rangi. Ijaribu kwanza kwenye kipande kibovu chenye maandishi ya aina ileile, kwa sababu vanishi nyingi huyeyusha wino wa makapeni na wakati mwingine tona. Anza na ukungu mwembamba sana, usubiri ukauke, urudie. Wakati wa kufunga, paneli ya chuma iunganishe na ardhi ya saketi, na umeme wa ukutani usiuingize kabisa kwenye kifaa chako. Tumia adapta iliyofungwa vizuri au betri ya sola.

Kisha yatazame maneno yenyewe utakayoandika. Kwa nini fundi wa Songea aandike paneli ambayo mpiga kinanda wa Namtumbo hawezi kuisoma? Andika SAUTI, KASI, MWANGWI, CHUJIO, INGIA, TOKA. Andika kwa Kiswahili, kwa herufi safi, bila kuomba radhi. Kwenye pembe ya chini kulia andika jina lako, Songea, na mwaka. Watengenezaji wakubwa wote wa vyombo huweka jina lao usoni, na wewe unayo haki hiyohiyo.

Na ukishamaliza cha kwanza usikae nacho chumbani. Kipeleke kwa mwalimu wa kwaya, kwa kijana anayetengeneza biti za singeli, kwa bendi inayopiga harusini. Mwachie akishike bila wewe kusema neno. Pale anaposita ndipo paneli yako ina kasoro, na utairekebisha kwenye toleo la pili. Ukipata watu watano wanaokitaka, mtafute mchapa fulana: fremu yake ya kitambaa inayochapa nembo za kampeni inachapa pia alumini, akibadilisha wino, na hapo paneli kumi zinatoka sawasawa kwa alasiri moja. Chuo cha ufundi cha VETA kipo Songea, shirika la viwanda vidogo la SIDO lipo Songea. Ingia, uliza, omba kutumia mashine, omba kuonyesha kazi yako. Maonyesho ya Nanenane siyo ya mahindi na mbuzi peke yake.

Dada zangu, hili ni lenu pia. Mkono unaochora hina kwa mistari isiyotetemeka, na jicho linalolinganisha mshono wa kitenge, ndivyo hasa vinavyotakiwa kwenye paneli. Fundi wa saketi na fundi wa uso si lazima wawe mtu mmoja. Tafutaneni, mgawane kazi, mgawane na pesa.

Fundi, acha kungoja pesa nyingi na mashine ya ng'ambo. Wiki hii nunua karatasi moja ya grafu, pima vulyumu zako, chora uso wa hicho kifaa kinacholia ndani ya boksi la biskuti. Jumamosi ipeleke steshenari ukiwa na rula yako mkononi. Jumapili jioni kiwe mezani, kina jina, na mtu mwingine amekishika.